Karafuu 40: kisa cha neno moja la Kiingereza katika jiko la Pemba

"Hii dawa ya jino, mwanangu. Huwezi kumpa mtu akale na muhogo."

Bi mkubwa wa kikundi alisema hivyo baada ya kuonja kwa ncha ya kidole, kisha akatoka nje kusukutua. Ulimi ulikuwa umemfa ganzi. Waliobaki ndani wakaonja mmoja mmoja, na kila aliyeonja alinyamaza. Mezani zilikuwa zimepangwa chupa 24 za robo lita, zimejazwa, zimefungwa, zimefutwa kwa kitambaa, zinangoja kubandikwa jina. Sosi iliyotarajiwa kuwa nyekundu ilikuwa na rangi ya udongo wa shamba baada ya mvua.

Kikundi hicho ni cha akina mama wa shehia moja karibu na Wete. Wanatengeneza achari ya embe na ya ndimu, na wameanza kupata wateja katika nyumba za wageni. Mgeni mmoja wa Kimarekani aliyekula kwao aliipenda achari yao, na kabla ya kuondoka akawaachia karatasi ya mapishi ya kwao: sosi ya pilipili na kitunguu thomu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Wakampa binti wa kaka yangu, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye Kiingereza chake ni kizuri, aitafsiri. Aliifanya kazi hiyo usiku mmoja, kwa mwandiko safi, akakabidhi asubuhi. Wakapika siku hiyo hiyo.

Jioni alikuja kwangu na karatasi zote mbili, ya mgeni na yake, kwa sababu kutafsiri ndiyo kazi yangu. Hakukaa hata kitako.

"Shikamoo ami. Niambie nimekosea wapi."

Nimemwomba ruhusa yeye na kikundi niandike kisa hiki bila ya majina, na wamekubali. Nakiandika kwa sababu tangu siku hiyo sijaacha kukifikiria. Nimeshaona makosa mengi ya tafsiri, na mengi hutokana na mtu kutolijua neno. Hili lilitokana na binti kulijua neno mno.

Mstari wenyewe ni huu. Karatasi ya mgeni ilisema: "40 cloves garlic, peeled and crushed". Karatasi ya binti ilisema: "Karafuu 40, kitunguu thomu, zichambuliwe na zipondwe." Chini kidogo, penye viungo vya kunukisha, baada ya mdalasini, mgeni aliandika "2 whole cloves", na binti akaandika "karafuu 2 nzima". Mstari huu wa pili ni sahihi kabisa. Wa kwanza ulitakiwa uwe: punje 40 za kitunguu thomu, zimenywe na zipondwe. Kwa Kiingereza karafuu ni "clove", na punje ya thomu nayo ni "clove".

Nilimuuliza kama alifungua kamusi. Alifungua, tena mara nyingi. Alitafuta neno la kumenya, akatafuta la kuchemsha kwa moto mdogo, akatafuta la kuchuja. Pembeni mwa karatasi ya mgeni kulikuwa na alama zake za kalamu ya risasi, moja kwa kila neno alilolikagua. Juu ya "cloves" hapakuwa na alama.

"Hilo nalijua tangu darasa la nne, ami."

Namwamini. Mtoto wa Pemba hufundishwa neno hilo mapema kuliko maneno mengi ya Kiingereza, na hulikuta kila mahali pa kumthibitishia kwamba amelijua. Somo la jiografia linasema Zanzibar ni visiwa vya karafuu. Vibao vya ziara za mashamba ya viungo vinalitaja. Msimu ukifika, barabara yenyewe inanuka, na kila uwanja una jamvi limeanikwa. Mtoto wa Njombe au wa Arusha angepata mstari ule, huenda angesita: karafuu kwake ni kitu cha dukani, kinauzwa kwenye kipakti kidogo, na neno la Kiingereza la kitu hicho angelazimika kulitafuta. Katika kulitafuta angeiona maana ya pili, iliyo chini ya ile ya kwanza. Binti yetu hakuwa na sababu ya kutafuta. Hakuna anayeuliza njia ya nyumbani kwao.

Sasa nenda kwenye neno la kumenya, maana hapo ndipo kosa lilipoweza kukamatwa na likaponyoka. Karafuu haimenywi. Haina ganda. Kamusi ilimpa binti vitenzi viwili, menya na ambua, na alikiri kwamba alikwama hapo muda mrefu. Karafuu inaambuliwa vipi? Akafikiri, kisha akaandika "zichambuliwe". Akaona limekaa.

Kwa msomaji asiyewahi kulala shamba wakati wa msimu, nieleze. Karafuu huchumwa kwa vishada. Usiku, au kesho yake, watu hukaa kulizunguka rundo, mara nyingi wanawake na watoto, wakatenganisha vitumba na vikonyo: karafuu upande huu, makonyo upande ule. Kazi hiyo ndiyo kuchambua. Karafuu huanikwa zikauke, makonyo nayo hukaushwa yakapelekwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, kutolewa mafuta. Kwa mtoto aliyekulia humo, "karafuu" na "chambua" ni maneno yanayoitana. Kwa hiyo neno la Kiingereza lililokuwa linapiga kelele kwamba kitu hiki kina ganda, hiki si karafuu, liligeuzwa kimyakimya likawa neno la shamba letu. Sentensi iliyotoka ilisomeka vizuri kuliko ilivyostahili. Mtu yeyote wa Pemba angeisoma asishtuke: karafuu, zichambuliwe, zipondwe.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Mfasiri akikutana na neno gumu, kuna kishawishi cha kulisogeza neno hilo mpaka likubaliane na lile alilo na uhakika nalo. Binti alikuwa na shaka na "peeled", hakuwa na shaka na "cloves", basi shaka akaitibu mahali ilipoonekana. Ilikuwa inatokea kwingine.

Kulikuwa na mlango mwingine wa kutokea. Wamarekani wanapoandika orodha ya vitu vya kupikia hupenda kuacha kile kiunganishi kidogo kinachofanya kazi ya "za" yetu. Wakisema kwa mdomo watakitia. Kwenye orodha wanakifuta. Mstari ukabaki na majina mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu, "cloves garlic", na binti akayasoma kama vitu viwili, akaweka mkato katikati. Mkato huo haumo kwenye karatasi ya mgeni. Nilimwonyesha, akautazama kwa muda. Alikuwa na uhakika kwamba aliuona.

Kisha kuna jiko. Sosi ya mgeni ilikuwa ya nusu lita. Kikundi kilitaka lita 6, basi kila kitu kikazidishwa mara 12. Karafuu zikawa 480. Bi mkubwa, ambaye amechuma, amechambua na kuanika karafuu tangu alipokuwa mtoto, aliuliza:

"Karafuu zote hizi kwa pilipili kilo 3?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi."

Mwingine akauliza thomu itiwe kiasi gani, mbona haina hesabu. Binti akasema mgeni hakuandika, labda kila mtu kwa apendavyo. Wakatia vichwa 6. Wa tatu akauliza kwa nini karafuu zinatiwa mara mbili, zile 40 na tena 2. Hilo nalo lilikuwa swali zuri sana. Karatasi yenyewe ilikuwa imeweka karafuu ya kweli mistari michache chini ya ile ya uongo, na mwanamke ambaye hakusoma Kiingereza hata siku moja aliziona zimegongana. Maswali matatu, yote ya haki, yote kutoka kwa watu wanaoijua karafuu kwa mikono. Na mara zote tatu karatasi ilishinda, kwa kuwa iliandikwa na mgeni na kutafsiriwa na msomi.

Hapo simlaumu binti peke yake. Nawalaumu pia wakubwa waliokubali upesi. Mapishi yana sheria zake, na bi mkubwa alikuwa na elimu ya kutosha kusema hapana, kwanza tupike chupa moja. Aliniambia baadaye kwamba alidhani Wamarekani wanakula hivyo.

Karafuu zilitiwa kinuni zikatwangwa mpaka zikawa unga. Hilo lilimaliza mambo. Karafuu nzima ikielea ndani ya pilau hutoa harufu yake kidogo kidogo, na mlaji huitoa pembeni ya sahani. Ikitwangwa, mafuta yake yote yanamwagika ndani ya chakula. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, kitu kile kile wanachotumia madaktari wa meno, na ndiyo maana nyumbani kwetu mwenye jino bovu huambiwa aibane karafuu juu ya jino mpaka maumivu yalale. Bi mkubwa alikuwa sahihi neno kwa neno.

Usiku ule binti hakutaka kuambiwa "umekosea, hii ni thomu" akaenda zake. Alitaka kujua imekuwaje Kiingereza kikaita vitu viwili visivyofanana, kimoja kitumba cha ua la juu ya mti na kingine kipande cha kitunguu cha bustanini, kwa jina moja. Alidhani lazima kuna mfanano. Labda umbo? Labda vyote ni viungo? Nilifungua kamusi kubwa ya Kiingereza nikamwonyesha kwamba neno hilo limeingizwa zaidi ya mara moja, kila mara na kijinamba juu ya herufi ya mwisho. Kijinamba hicho ni shahada ya uzazi. Mwenye kamusi anakuambia: hawa wamefanana uso, lakini wana mama tofauti.

Mama wa kwanza ni Kilatini "clavus", msumari. Kifaransa kikamlea akawa "clou", bado msumari. Wafaransa walipopata kiungo kile kutoka mashariki walikiita "clou de girofle", msumari wa girofle. Chukua karafuu kavu uitazame: kijiti chembamba, na juu yake kichwa cha duara chenye meno manne. Ni msumari mdogo. Wafaransa hawakuwa peke yao kuliona hilo. Wahispania wanaiita "clavo", Wareno "cravo", na kwa wote wawili neno hilo lina maana ya msumari. Waholanzi wanasema "kruidnagel", msumari wa kiungo. Wajerumani wanasema "Nelke", ambalo zamani lilikuwa kimsumari. Waajemi wanasema "mikhak", kimsumari. Wachina nao wameweka msumari ndani ya jina lao, "dingxiang", msumari unaonukia. Mataifa yaliyo mbali hivyo, kila moja kwa lugha yake, yaliitazama karafuu yakaona kitu cha fundi seremala.

Waingereza walilichukua jina refu la Kifaransa kisha wakalikata. Wakabaki na msumari, wakaliacha girofle. Katika maandishi yao ya Zama za Kati neno linaonekana kama "clowe". Kwa hiyo Kiingereza cha leo kinapoitaja Pemba kuwa kisiwa cha "cloves", kwa asili ya neno kinasema kisiwa cha misumari. Girofle iliyoachwa haikufa: iligeuka "gillyflower", jina la zamani la maua yanayonukia kama karafuu.

Na sisi je? Karafuu yetu imetoka kwa Waarabu, "qaranful". Girofle ya Wafaransa imetoka kwa Kigiriki "karyophyllon" kupitia Kilatini, na wanaisimu wengi huliweka jina hilo na qaranful katika ukoo mmoja. Yaani Kifaransa kilikuwa na jina la vipande viwili, msumari na girofle. Mwingereza akashika kipande kimoja, na jamaa ya kipande cha pili ndiyo inayozungumzwa Wete leo. Binti alilipenda hili kuliko yote niliyomwambia. Alilirudia: "Wao wamechukua msumari, sisi tumechukua jina lenyewe."

Mti wenyewe ulichelewa kuliko jina. Asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku, Ternate na Tidore na jirani zao, katika Indonesia ya leo. Waholanzi waliulinda kwa ukali mpaka Mfaransa Pierre Poivre alipofanikiwa kupata miche iliyofikishwa Mauritius mwaka 1770. Kwetu ulifika mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Said bin Sultan akahimiza upandwe. Mwaka 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa hasa ya Pemba. Jina la karafuu, kwa Kiarabu, lilikuwa limeshapita kwenye majahazi ya pwani hii kwa karne nyingi kabla ya mche wa kwanza kuchimbiwa shimo.

Mama wa pili hana safari kama hiyo. Ni wa nyumbani Uingereza, wa kale kuliko Wanormani walioingia mwaka 1066. Kiingereza cha Kale kilikuwa na "clufu", kipande kilichogawika cha kitunguu, na neno hilo ni ndugu wa kitenzi "cleofan", kupasua, ambacho leo ni "cleave". Kichwa cha thomu, ukikitoa ngozi ya nje, kimegawika chenyewe, kila kipande kimejitenga ndani ya ganda lake. Wajerumani waliona vile vile: "Knoblauch", thomu, hapo kale lilikuwa "klobalouh", kitunguu kilichopasuka. Basi huku ni msumari, kule ni mpasuko. Karne zikapita, matamshi yakasogea, "clowe" na ndugu wa "clufu" wakakutana njiani wakavaa kanzu moja. Hakuna mfanano uliowaunganisha. Binti alikuwa anatafuta sababu mahali pasipo na sababu, na wasomi wa lugha wana jina la hali hiyo: homonimia. Ingekuwa maana moja imetanuka ikazaa nyingine, kama jicho la mtu na jicho la maji, wangeiita polisemia.

Mama huyo wa pili ana watoto wengine. "Clove" ni pia wakati uliopita wa kitenzi kile cha kupasua: mtu alipasua kuni, "clove". Kuna fundo la mabaharia, "clove hitch", la kufungia kamba kwenye nguzo kwa mizunguko miwili. Ukilitazama upande mmoja kamba inaonekana kama imepasuka njia mbili, na ndilo lililolipa jina. Kuna mabonde membamba katika milima ya Catskill, jimbo la New York, yanayoitwa "clove", kama Kaaterskill Clove, kutoka Kiholanzi "kloof", ufa, na huo nao ni ukoo wa kupasua. Na kitenzi chenyewe kina pacha wa ajabu: kuna "cleave" ya kupasua na kuna "cleave" ya kugandana na kitu usikiachie, maneno mawili tofauti tangu zamani, leo yanaandikwa sawa na yana maana zinazopingana.

Mtoto mmoja wa upande wa msumari nilimweka mwisho, kwa sababu nilijua atamgusa. Uingereza ya zamani ilikuwa na kipimo cha uzito kiitwacho "clove", cha sufu na jibini, mara nyingi ratili 7 au 8. Ratili 7 ni zaidi kidogo ya kilo 3. Nilimwambia: fikiri katibu wa leo anasoma daftari la miaka mia tano iliyopita, anakuta "clove" 40 za jibini, na yeye anakijua kiungo tu. Alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile. Kisha akasema kwamba na sisi tunayo pishi, na kwamba mgeni akisikia mchumaji amelipwa kwa pishi atadhani mpishi ameingia shambani. Ni mfano wake mwenyewe, nami nimeuandika kama alivyousema.

Hapo nikamgeuzia Kiswahili. Jikoni kwetu kuna mbuzi ya kukunia nazi na uani kuna mbuzi anayekula majani. Hakuna mtoto anayechanganya, kwa kuwa sarufi inatusaidia: mbuzi hii imevunjika, mbuzi huyu amevunjika mguu. Ngeli inamtaja mwenyewe. Kiingereza hakina ngeli za kukusaidia hivyo. "Forty cloves" ni 40 tu. Hakuna kiambishi kinachokuambia ni 40 za nini. Kazi yote inafanywa na neno la jirani, na jirani huyo alikuwa "garlic".

"Sasa niambie," nikasema, "duka likikuuzia karafuu maiti, umenunua nini?"

Akajibu mara moja, kafuri. Kila mtu hapa analijua hilo. Karafuu maiti ni kile kitu cheupe chenye harufu kali kinachotiwa katika maji ya mwisho ya kumwosha maiti, na hakina uhusiano wowote na mkarafuu. Hakuna mzazi wa Pemba aliyewahi kumtuma mtoto karafuu maiti akaletewa karafuu za pilau. Neno "maiti" linashika usukani, na "karafuu" iliyotangulia inakuwa jina tu. Tazama pia umbo lake: hatusemi karafuu ya maiti. Majina mawili yamesimama ubavu kwa ubavu, bila kiunganishi, sawasawa na "cloves garlic".

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kipimo cha kuligundua kosa alikuwa nacho tangu utotoni, katika lugha yake, juu ya neno hilo hilo karafuu. Lakini akili ya mtu ikiingia katika lugha ya skuli mara nyingi huacha nyumbani ujuzi wa nyumbani, na hili ndilo linaloniuma katika kisa hiki kuliko zile chupa 24. Kwa Kiswahili angetazama neno la pili kwanza. Kwa Kiingereza alilitazama la kwanza, akafurahi kulifahamu, akapita.

Kuhusu chupa: walijaribu kuiokoa sosi kwa kuongeza siki na pilipili, chupa moja ikafanywa tatu, ganzi ikabaki ile ile. Ikamwagwa. Chupa zikachemshwa zikarudi kazini. Hasara ilikuwa pilipili, siki, sukari, na siku nzima ya watu sita. Karafuu zenyewe zilikuwa kidogo kwa thamani. Gramu 40 na kitu.

Wiki iliyofuata wakarudia, na safari hii bi mkubwa akaamuru ipikwe nusu lita kwanza. Punje 40 za thomu, zimemenywa kweli, watoto wawili wakikaa chini kuzimenya. Ilitoka nyekundu, kali, na tamu. Walipozidisha mara 12 ndipo walipokuta tatizo la kweli la mapishi yale: punje 480 ni kama vichwa 48 vya thomu, ukikadiria punje 10 kwa kichwa, na thomu ni ya kununua. Sasa wanaipika kwa oda tu, na bei yake iko juu ya achari.

Binti ananiletea karatasi mara kwa mara. Mwezi uliopita alikuja na mapishi mengine, ya supu, na safari hii alama za kalamu ya risasi zilikuwa juu ya maneno mepesi: chumvi, maji, mafuta. Mengi alikuwa ameshayafutia alama. Moja lilibaki, "1 teaspoon pepper", na alikuwa amelizungushia duara.

"Ami, hii 'pepper' ni ipi? Pilipili manga, au pilipili yetu kali?"

Nikavuta kiti, tukaisoma karatasi yote tangu juu.